Usiku wa Kwanza Porini
Katika nchi ya Wasandawe, upande wa Farkwa na Kwa Mtoro, wilayani Chemba, wilaya iliyotengwa na Kondoa mwaka 2012, kulala porini si anasa ya wenye mahema. Tangu kale ni safari ya asali. Mama humbeba mgongoni mwana aliyeanza kutembea juzi, baba hutwaa shoka na kibuyu cha maji. Maji ndiyo mashaka makubwa: wakati wa kiangazi makorongo ni mchanga mtupu, na haifai mzazi kujisifu ushujaa mbele ya kiu ya mtoto. Jioni moto huwashwa chini ya mbuyu. Fisi akilia, mtoto hushtuka. Mama humtuliza kwa Kisandawe, lugha yenye vidoko ambavyo wageni wengi hushindwa kuvitamka. Mtoto hujaribu kidoko kimoja, akakosea, akacheka, akalala.