Ukuta Uliozungumza na Simu Peke Yake

Msomaji mpendwa, je, umewahi kusafiri mwendo mrefu kwenda kuona jambo la ajabu, halafu ulipofika ukaambiwa kwamba maelezo yake yamo ndani ya simu ya mtu mwingine? Mimi niliona hayo yakimpata mama yangu mzazi. Tangu siku hiyo, kila nionapo ule mraba wenye madoadoa meusi na meupe uitwao msimbo wa QR, humkumbuka akiwa ameketi juu ya jiwe, mkongojo mkononi.

Kisa chenyewe kilianza Desemba mwaka 2024. Mama, ambaye ni mkulima kule Kakamega, alikuwa ametimiza miaka 74 na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Daktari alitueleza kwamba jicho la kushoto halingeona tena. Mama hakulia wala hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwanangu, kabla hili la kulia halijamfuata mwenzake, nipeleke nikaione bahari."

Ombi la mzazi halina kesho. Nilikopa kidogo kwenye chama, tukapanda garimoshi kutoka Nairobi hadi Mombasa: mimi, mama na binti yangu ambaye ni mwanafunzi wa shule ya upili.

Siku ya kwanza tulikwenda Fort Jesus. Tulibahatika kumpata mzee mmoja mwenye kazi ya kuwatembeza wageni. Alipouona mkongojo wa mama, alipunguza mwendo na kuanza kusimulia kwa Kiswahili kilichotulia. Alitueleza jinsi Wareno walivyoanza kuijenga ngome ile mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Akasimulia jinsi majeshi ya Oman yalivyoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, huku waliokuwa ndani wakimalizwa na njaa na maradhi. Alitutajia meli ya Wareno, Santo António de Taná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Akamalizia kwa kutueleza kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 mahali hapo palikuwa jela.

Mama aliupapasa ukuta kwa kiganja, akauliza, "Na miezi yote hiyo, akina mama walipika nini?" Mzee akacheka, na kutoka hapo wakawa wanazungumza kama watu waliokua kijiji kimoja. Usiku huo mama alichelewa kulala kwa furaha.

Siku ya pili tulikwenda mahali pengine pa kale, ambapo sitapataja jina. Hapakuwa na mtembeza wageni. Kulikuwa na kibao cha Kiingereza kilichofifia kwa jua na mvua, na kando yake msimbo wa QR uliokuwa ukimetameta kwa upya. Binti yangu akaelekeza kamera ya simu yake. Baada ya mtandao kusuasua, ukurasa ukafunguka. Ulikuwa wa Kiingereza kitupu, tena mrefu kama mkia wa kima.

Binti akazama. Mara atabasamu, mara ashangae. "Baba, kumbe hapa palikuwa na kisima!" Nami, badala ya kumsaidia nyanya yake, nikatoa simu yangu pia. Nakiri kwamba nilianza na msimbo, lakini haukupita muda nikawa nasoma ujumbe wa watu wa kazini. Mama alisubiri. Aliuliza mara ya kwanza, binti akajaribu kutafsiri, akakwama kwenye maneno ya ujenzi. Aliuliza mara ya pili, nikamjibu, "Ngoja kidogo, mama." Hakuuliza mara ya tatu. Alijitafutia jiwe akaketi, akasema polepole, "Kwani ukuta huu huzungumza na simu peke yake?"

Msomaji wangu, maneno hayo yalinichoma. Huyu ni mtu aliyeuza mahindi gunia kwa gunia ili mimi nijue hicho Kiingereza. Leo amesafiri kutoka magharibi ya nchi hadi pwani, jicho moja limezimika, nami namwambia angoje!

Jioni hiyo nilifoka. Nilisema misimbo hii ibanduliwe yote, wageni wasimuliwe na binadamu. Binti yangu alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema kwa adabu, "Baba, msimbo ni mlango tu. Kosa ni la kitu kilichowekwa nyuma ya mlango. Na pia ni letu sisi, tulioingia tukamwacha Nyanya nje."

Nilinyamaza. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini siku hiyo neno la maana lilitoka kwa mtoto. Tuliporudi Nairobi nilijipa kazi ya kuuchunguza mraba huu, na niliyoyapata yalinipunguzia hasira.

Msimbo wa QR ulizaliwa Japani mwaka 1994. Mhandisi Masahiro Hara na wenzake katika kundi la kampuni za Denso walitaka kurahisisha kazi ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Misimbo ya mistari, ile tunayoiona kwenye pakiti za unga na sabuni, ilibeba habari chache mno, na wafanyakazi walichoka kuisoma mmoja baada ya mwingine. Msimbo mpya uliweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Ile miraba mitatu ya pembeni huiwezesha mashine kuusoma hata ukiwa umepinda au umegeuzwa juu chini. Isitoshe, waliuunda kwa namna ambayo hata sehemu yake ikichafuka au kuchanika, hadi karibu asilimia 30, habari zake bado zaweza kusomeka. Kampuni haikudai malipo kwa watu walioutumia, na ndiyo sababu umeenea kote duniani.

Lililonigusa zaidi ni habari ya jumba la makumbusho la Derby, Uingereza. Mwaka 2011, Roger Bamkin na Terence Eden walibuni mtindo uitwao QRpedia. Mgeni anapoelekeza simu kwenye msimbo wa mtindo huo, mtambo hutazama kwanza simu yake imewekwa katika lugha gani, kisha humpelekea makala ya Wikipedia ya lugha hiyo, ikiwa ipo. Mwaka 2012 mji wa Monmouth, huko Wales, ulibandikwa misimbo hiyo kwenye makanisa, maduka na majengo yake ya kale. Kibao kimoja cha ukutani kikawa kinasomeka kwa lugha nyingi bila kuongezewa hata neno moja la rangi.

Umeona, msomaji? Chombo kile kile kilichomfungia mama yangu nje kingeweza kumkaribisha ndani. Ukurasa ungekuwa na Kiswahili, mimi ningemsomea. Ungekuwa na sauti iliyorekodiwa, angesikiliza mwenyewe, wala macho yake yasingekuwa kizuizi. Bei ya kubandika karatasi ukutani ni ndogo. Kazi iko kwenye kuandika yanayofaa, kuyatafsiri vyema, na kuhakikisha ukurasa ni mwepesi ili ufunguke hata mtandao ukiwa dhaifu.

Wala sisemi mzee wa Fort Jesus apokonywe mkate wake, la hasha! Msimbo hauwezi kupunguza mwendo kwa sababu umeona mkongojo. Hauwezi kucheka na mama kuhusu mapishi ya wakati wa vita. Lakini mzee naye ni mtu mmoja, na wageni ni wengi. Binti yangu alitaka kujua mengi zaidi kuhusu ile meli iliyozama, na hakupata nafasi ya kuuliza. Hapo ndipo msimbo ungefaa. Mmoja amtegemee mwenzake, kama jino na ufizi.

Ikiwa nawe unapanga kuitembeza jamaa yako likizo ijayo, chukua haya kutoka kwangu. Kabla ya kufungua ukurasa wowote, tazama anwani inayotokea kwenye simu, uhakikishe inahusu mahali mlipo. Pitisha kidole juu ya msimbo. Ukihisi karatasi imebandikwa juu ya nyingine, uliza wahudumu kwanza, kwa maana wapo walaghai wanaobandika misimbo yao juu ya ile halali ili wakupeleke kwenye kurasa bandia. Usiandike nambari yako ya siri ya benki au ya M-Pesa kwenye ukurasa uliofunguliwa na msimbo uliokutana nao tu njiani. Beba simu iliyojaa chaji. Na zaidi ya yote, simu moja isomwe kwa sauti, nyingine zikae mifukoni. Aliye na macho amsomee asiye nayo. Anayejua lugha amtafsirie asiyeijua, hata akikwama na kurudia.

Sasa nikumalizie kisa. Asubuhi yetu ya mwisho Mombasa, mama aliingia baharini hadi magotini, gauni amelishika kwa mikono miwili, akawa anazungumza peke yake. Nilimpiga picha. Sikujua kwamba binti yangu alikuwa akiyarekodi maneno hayo kwenye simu.

Tuliporudi nyumbani, aliiweka sauti ile kwenye intaneti, akatengeneza msimbo kwa programu ya bure, akauchapisha na kuubandika chini ya picha, ndani ya fremu. Aprili mwaka 2025 tulimpelekea mama kule Kakamega. Tuliitundika sebuleni, kando ya kalenda.

Mama hana simu ya kisasa. Lakini wageni wakija, huwaagiza watoe zao, waelekeze kwenye picha. Hapo mawimbi husikika, na sauti yake ikimwita marehemu baba yangu kwa jina, ikimweleza kwamba maji ya bahari ni ya chumvi kweli kama alivyokuwa akimsimulia.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Jicho la kulia nalo limeanza kusumbua, na tunamtafutia daktari mwingine. Hata hivyo hakutaka tuzungumzie macho. Alitaka kunieleza kwamba jirani alikuja na wajukuu zake, na picha imesikilizwa mara nne kwa siku moja.

"Baba," akaniita, kama aniitavyo anapofurahi, "ukuta wangu mimi huzungumza na kila mtu."