Mbuna wa Pomonda

Sisi tuliokulia Lituhi tumezoea ziwa la tope, maana Mto Ruhuhu humwaga maji yake pale pale. Likizo hii, mafrateri watatu tulikodi boti ya mvuvi kwa nusu siku huko Liuli, kwa ndugu zetu Waanglikana, tukazamia na miwani kando ya jiwe la Pomonda. Maji maangavu! Mbuna wa buluu na wa njano walikuwa wakikwangua mwani maweni. Jike hubeba mayai mdomoni takriban wiki tatu, karibu bila kula. Nilimwona mmoja, koo limevimba.

“Akinaswa wavuni?” nilimuuliza mvuvi.

“Anawatema watoto, frateri. Mimi nawarudisha majini. Kama wanapona, sijui.”

Akawasha injini. Usiku alikuwa na usipa wa kuvua.