Wachongaji wa Mwanjelwa

Miaka ya 1980 Mbeya haikuwa na spea, lakini ilikuwa na wachongaji. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, fedha za kigeni hakuna, na pistoni mpya ya Datsun tuliisikia tu kwa waliofika Dar. Injini iliyochakaa haikutupwa. Bloku ilipelekwa karakana ikakatwa, ikapigwa slivu na kurudishwa kwenye kipimo cha kiwandani. Krenki ikasagwa, bushi zikachongwa papo hapo.

Sisi vijana wa mbio tulikuwa wagonjwa wa Datsun 1600 SSS, gari ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1970. Silinda zake zina upana wa milimita 83, na bloku ni chuma kitupu. Ukitaka izunguke kwa kasi bila kufa, nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda lazima iwe sahihi, na nafasi hiyo ni ndogo kuliko unywele.

Mzee tuliyemtegemea alikuwa na karakana Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya. Bloku bila pistoni hakuipokea. "Leteni pistoni kwanza, wanangu. Nakata kwa kuifuata pistoni, sifuati karatasi." Ukishazileta, alilaza bloku na pistoni chumba kimoja mpaka kesho yake, zipate joto moja. Baridi ya Mbeya ya mwezi Juni mnaijua. Joto likibadilika kwa nyuzi 10 tu, silinda ya milimita 83 hubadilika kwa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, na pistoni ya alumini hubadilika mara mbili ya hapo. Asubuhi alishusha geji ndani ya silinda, akapima juu, katikati na chini, kisha akaigeuza na kupima upya kwa upande wa pili. Ndipo alipowasha mashine.

Leo gari langu ni Subaru Impreza yenye injini ya EJ20. Ilinoki ikipanda mlima Kitonga, tukaivuta hadi Iringa. Kila fundi alinipa shauri lile lile: nunua injini ya mtumba, funga, endesha. Kwa daladala sawa, maana gari lisipolala barabarani mwenyewe halali na deni. Kwa gari la mbio siwezi kufunga injini nisiyojua imepitia nini.

Karakana niliyoipata huko Iringa ilikuwa na mashine nzuri kuliko ya yule mzee. Lakini bloku ya EJ20 ni vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, na bolti zikikazwa huvuta umbo la silinda. Kwa hiyo huunganishwa na kukazwa kwa kipimo kwanza, ndipo ikatwe. Kijana wa karakana hiyo alikata kila kipande peke yake, akapima kwa vernia. Tulipoviunganisha na kuazima geji, silinda mbili zilikuwa na umbo la yai. "Kaka, ni kidogo tu hiyo, itajikalia," alisema, na nilimwona anaamini kabisa anachosema. Simlaumu. Kazi zinazomfikia ni za malori, pampu na mashine za kusaga mahindi, na hakuna aliyewahi kusimama naye mbele ya injini ya namna hii. Ninachoumia ni kwamba wazee wa Mwanjelwa waliondoka na ujuzi wao, na sisi tuliokuwa tukilipa kazi yao tulikuwa tumeshahamia kwenye injini za mtumba. Mchongaji asiyeletewa bloku hana cha kumfundishia mwanafunzi.

Bloku ilipakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam pamoja na pistoni zake. Msimu wa mbio ukapita. Huko waliirekebisha vizuri, ila kwa gharama ambayo fedha haifidii: kiwanda kiliruhusu ovasaizi mbili tu, milimita 0.25 na 0.50. Ya kwanza iliharibikia Iringa, na ya pili tukaitumia kusahihisha, kabla injini haijatembea hata kilomita moja.