Ngurumo ya Beringi

Ufundi wa mashine za kufulia ndio ulionilisha hapa Kariakoo na kunisomeshea watoto, na swali la wateja halijabadilika: "Fundi, tutengeneze au ninunue nyingine?" Sijibu kabla sijaisikia ikizunguka. Ikilia wakati wa kumwaga maji tu, mara nyingi kuna sarafu au kifungo kwenye pampu, kazi ndogo. Ikigonga na kuhama mahali pake, natazama miguu na shokapu. Ila ngurumo inayopanda kadiri dramu inavyoongeza kasi wakati wa kukamua, hiyo ni beringi.

Mama mmoja wa Magomeni, mwenye nyumba ya wageni, aliniita kwa ngurumo ya namna hiyo. Nilifungua mgongo wa mashine, nikavua mkanda, nikazungusha dramu kwa mkono. Ilikwaruza kama inasaga mchanga. Nikashika ukingo wake kwa ndani, nikaunyanyua, ukacheza. Nyuma, michirizi ya kutu ilishuka kutoka katikati: sili ya mpira ilikwisha kwanza, maji ya sabuni yakapenya, yakaosha grisi yote.

Beringi zenyewe, 6205 na 6206, zimo hata kwenye mota za umeme, hazikosekani madukani. Kinachoniamulia ni tanki la nje. Likiwa limefungwa kwa skrubu, nalifungua nusu kwa nusu. Lakini mashine nyingi za siku hizi tanki lake limeunganishwa kwa moto kiwandani. Beringi ikifa unaambiwa ununue tanki zima na dramu yake, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Jambo hili linaniuma mno. Mota nzima, pampu nzima, vyote vinakwenda kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani.

Gharama ikizidi nusu ya bei ya mpya, namshauri mteja aache, hata kama nakosa kazi. Ya mama ilikuwa ya skrubu. Nikalifungua tanki, nikakagua ule mkono wa aluminiamu wenye pembe tatu unaoshika dramu, maana sabuni huula mpaka ukapasuka. Nikaukwangua kwa bisibisi, bado mgumu.

"Mama, hii tunatengeneza. Beringi zote mbili na sili mpya. Ila shuka usizishindilie tena."

"Sawa, fundi. Ijumaa nina wageni."

"Alhamisi utafulia."

Akanipa nusu ya fedha, nikaenda kutafuta sili.