Kopi Mbili za "Georgina"

Niliuza nyimbo za Marijani Rajabu kwa miaka mingi na sikumlipa hata senti. Hatukuwa wachache tuliofanya hivyo. Lakini nasema la kwangu.

Nilikuwa kijana wa Upanga, nimeajiriwa kwenye duka la kurekodi kanda Kariakoo. Asubuhi nakata kwa miguu kupitia Faya, naingia Mtaa wa Msimbazi, nafungua duka, nawasha deki. Msimu wa harusi wateja walitaka mapenzi tu, na waliokuwa vijana miaka ya sabini walianza na "Georgina" ya Safari Trippers, bendi aliyojiunga nayo Marijani mwaka 1972, hajafikisha hata miaka ishirini. Wengine hawakulijua jina la wimbo. Walikuimbia kidogo pale kaunta, ukawaelewa.

Nyimbo tulizipata hivi. Bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania, kwa sababu hapa nchini hapakuwa na kampuni ya maana ya kutoa sahani. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi. Redio ilipiga wimbo nchi nzima, ila mwenye kuupenda hakuwa na pa kuununua. Basi sisi tulitega redio, tukainasa sauti kabla mtangazaji hajaingilia, au tukaazima sahani kuukuu yenye mikwaruzo, tukajaza kanda za TDK moja baada ya nyingine. Nilijiambia kwamba tunazihifadhi nyimbo zisipotee. Niliamini kabisa. Na kuhusu Marijani mwenyewe nilidhani mtu anayesikika kila mahali lazima kuna mahali analipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaja mzee mmoja na kanda yake.

"Kijana, nitolee kopi mbili. Moja ya shemeji yangu, yuko Tanga."

Utepe ulikuwa umelegea. Nikaukaza kwa penseli, nikausikiliza kidogo. Ulikuwa safi kuliko wetu.

"Hii umeitoa wapi, mzee?"

"Kwa Marijani mwenyewe. Siku hizi ana kiduka cha kanda pale kwake."

Kwake ni Kariakoo hapohapo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe chekundu, na nilisimama hivyo kwa muda nikiwaza. Jabali la Muziki, yule wa "Zuwena" na Dar International, alikuwa anafanya biashara ileile ninayofanya mimi, na mali anayouza ni sauti yake. Sisi tuliipata bure, tukaiuza jirani na mlango wake. Kila kopi iliyotoka kwenye deki yangu ilikuwa mteja mmoja asiye na haja tena ya kwenda kwake. Hilo nililiona lote mara moja, na hakuna aliyehitaji kunifafanulia.

Nikabonyeza. Nikatoa kopi mbili. Nikapokea hela.

Ningeweza kumwambia mzee arudi kwa Marijani akanunue nyingine mbili. Ni mwendo wa dakika chache. Sikumwambia.

Marijani alifariki Machi 1995, na miaka arobaini tu. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999. Nishani aliyotunukiwa na Rais Kikwete ilikuja 2012. Hela ya kanda zetu ingemfikisha wapi, siwezi kusema; ilikuwa yake, na tuliila sisi.

Leo pale Kariakoo unajaziwa flashi ya zilipendwa, mamia ya nyimbo kwa mpigo, na anayekujazia ni kijana mpole kama nilivyokuwa, anayeamini anachokifanya. Simlaumu, wala sikulaumu wewe unayenunua. Nawaambia tu kwamba mwenye wimbo huenda anaishi mtaa wa pili.

Mimi nilijua, na bado niliendelea kurekodi hadi CD zilipoingia na wateja wa kanda wakaisha. Duka lilifungwa kwa kukosa wateja. Dhamiri haikuhusika.