Chuma Kilipoitika

Katika dodoso langu, swali la 47 lilikuwa hili: unapokinoa chuma upande mmoja, ule uzi mwembamba unaojikunja upande wa pili unauitaje? Mafundi sita wa Kisangani walinijibu kwamba hawana jina lake. Wa saba alikuwa Noko, kaka yake mama, anayeishi Yangambi. Nilikuwa na hakika kwamba naye angejibu vivyo hivyo, hata nikamwandikia jibu kwa penseli kabla sijaondoka: hakuna neno.

Yangambi iko ukingo wa kaskazini wa mto Kongo, kama kilomita 100 chini ya Kisangani. Wenzetu wa kilimo wanaijua kwa sababu ya INEAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambayo leo inaitwa INERA. Wanaosoma habari za misitu wanaijua kwa mkusanyo wake mkubwa wa mimea iliyokaushwa. Nyumbani kwetu jina hilo lina maana nyingine. Ni pale ambapo Koko, babu yangu mzaa mama, alifanya kazi katika karakana ya kituo, akitengeneza makasha, rafu na kabati. Alifariki kabla sijazaliwa. Aliacha rabo moja ya mbao, na mwana mmoja aliyejua kuitumia.

Nimeandika rabo kwa makusudi. Darasani tunafundishwa kusema randa, na kamusi zinalitoa neno hilo katika Kiajemi. Lilivuka bahari pamoja na majahazi na biashara ya pwani. Lugha yenyewe ilifika kwetu kutoka mashariki, na katika miaka ya 1880, enzi za Tippu Tip, Kiswahili kilikuwa kimeshafika kwenye maporomoko ya Kisangani. Lakini katika karakana ya Noko sikuwahi kusikia randa hata mara moja. Pale ni rabo, kutoka Kifaransa. Chuma chake ni fere, tupa ni limu, parafujo ni visi. Lugha ilikuja kwa miguu kutoka mashariki, na vyombo vikaja kwa meli za mtoni kutoka magharibi, kila kimoja na jina lake. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima juu ya jambo hili, na kusema kweli nilikuwa najivunia.

Nilimkuta Noko ameketi kwenye kibaraza. Mwaka uliotangulia aliugua, na tangu hapo mkono wake wa kulia unatetemeka. Nilimwamkia, nikampa salamu za mama, tukala. Baadaye nikatoa karatasi zangu na kinasa sauti, nikaanza na swali la kwanza. Akanitazama kwa muda.

"Ulileta karatasi ao ulileta mikono?"

Nikasema nimeleta vyote. Akaingia ndani, akatoka na rabo ya Koko imefungwa kwenye gunia, akaiweka juu ya dodoso langu.

"Unatafuta jina ya nini? Ya kitu yenye haikate?"

Ilikuwa gogo la mbao nyeupe ya Ulaya, refu kupita dhiraa moja, lililogeuka rangi ya chai kwa jasho na mafuta. Fere ilikuwa imeganda ndani kwa kutu. Kabari inayoishikilia ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja. Noko alinieleza shida yake kwa ufupi. Kuna ubao wa mvule uliokaa ukutani miaka mitatu ukingoja kuwa mlango wa nyumba ya mama. Mikono yake haiwezi tena kunoa. Vijana aliowafundisha wameenda kwenye dhahabu au kwenye pikipiki. Maneno yote atanipa, ila tuanze na hii.

Siku ya kwanza nilijifunza kufungua. Rabo ya mbao haina visi. Unagonga kisigino chake kwa nyundo ya mti, kabari inalegea, na fere inarudi juu. Ukitaka ishuke, unagonga kichwa cha fere yenyewe, polepole, huku ukichungulia kwenye mdomo wa rabo. Nilitumia nusu saa kuilegeza. Fere ilipotoka tuliilaza usiku kucha katika maji ya ndimu, na asubuhi nikaisugua kwa majivu na kitambaa. Chini ya kutu yakatokea maandishi: Peugeot Frères. Nilicheka, maana kwetu jina hilo ni la magari. Noko hakucheka. Alijua kutoka kwa baba yake kwamba watu hao walitengeneza misumeno na vyuma vya rabo kabla ya kutengeneza gari lolote, na kwamba yule simba wao alianza kama alama ya msumeno.

Alinionyesha jambo jingine ambalo nisingeliona mwenyewe. Ukitazama ubavu wa fere karibu na makali, utaona mstari. Vyuma vya zamani vya namna hii ni viwili vilivyounganishwa kwa moto: mgongo mnene wa chuma laini, na mbele yake utando mwembamba wa chuma kigumu. Ule mwembamba ndio unaokata. Ukiisha, fere imekwisha, hata kama imebaki ndefu kama kiganja.

Makali yalikuwa na mapengo mawili makubwa. Noko alisema kwa Kilingala niende nikapelise fere, kisha akalala kidogo kwa ajili ya dawa zake. Kuyaondoa mapengo yale kwa jiwe la mkono ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa na siku nne tu na maswali 120. Njiani kuelekea sokoni kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma mwenye jenereta na jiwe la umeme. Nilimlipa kidogo, akaniachia mashine. Cheche ziliruka vizuri sana. Katika dakika tano mapengo yakatoweka. Niliponyanyua fere, ncha yake yote ilikuwa na rangi ya buluu, nzuri kama shingo ya njiwa.

Nilidhani ni uchafu. Nikairudisha nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoa muda.

Noko aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka mezani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kwa sauti ileile ya kawaida kwamba chuma kikipata moto hubadili rangi kwa zamu: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Kikifika buluu, ugumu wake umetoka. Kitanoleka, kitang'aa, kitakata karatasi, na kwenye mvule kitalala baada ya kusukuma mara tatu. Hapo ndipo aliposema:

"Nilikuambia kopelisa. Weye ulipelisa moto."

Katika Kilingala, kopelisa ni kuwasha moto, na kopelisa pia ni kunoa. Kisu kikali na moto unaowaka vina kitenzi kimoja. Jambo hilo nilikuwa nalo kwenye daftari, kwenye safu ya maneno yenye maana nyingi, nikiwa nimelipigia mstari kama mfano mzuri wa kuwaonyesha wenzangu. Nililijua kama mfano. Sikulijua kama onyo.

Usiku ule sikulala sawasawa. Utando ule wa chuma kigumu haukuwa mrefu, na mimi nilikuwa nimeunguza sehemu yake kwa haraka ya kumaliza dodoso. Nilifikiria kwamba Koko aliitumia fere hii maisha yake yote akila kidogo kidogo, Noko naye vilevile, na mimi nimekula sehemu ya miaka mingi kwa dakika tano.

Dawa ilikuwa moja: kuondoa buluu yote mpaka chuma kizima. Tulipima, ikawa milimita tano. Safari hii kwa jiwe na maji, bila mashine. Noko aliketi karibu nami, na kwa kuwa mkono wake haukuweza kushika, alifundisha kwa mdomo. Hapo maneno yakaanza kumwagika, wala sikuwa nimeuliza swali. Fere "inapanda" ukiinua kiwiko. Jiwe "linakunywa" likitaka maji. Makali "yanalala" na "yanaamka". Nilipobonyeza mno upande wa kushoto aliniambia kwamba fere "inachechemea". Kinasa sauti kilikuwa ndani ya mfuko. Mikono yangu ilikuwa na tope jeusi hadi vifundoni, na niliogopa kusimama nikakichukue, kwa kuwa nisingeweza kurudi kwenye pembe ileile.

Siku ya tatu mchana, buluu ilikuwa imekwisha na nilikuwa nasugua upande ule wa mshazari kwa jiwe laini lililopakwa mafuta ya mawese. Noko aliniambia nisimame. Akanyoosha kidole gumba chake kinachotetemeka, akakivuta polepole kutoka mgongo wa fere kuelekea nje, kamwe si kinyume. Akafanya hivyo pembeni, katikati, pembeni.

"Imeitika," akasema. "Geuza."

Nilipitisha kidole changu palepale. Kulikuwa na kitu kidogo kinachokwaruza, ukingo mzima, chembamba kuliko unywele. Lilikuwa swali langu la 47.

Sisi wanaisimu tunalijua vizuri neno itika. Mtoto akiitwa, huitika. Katika wimbo kuna anayeongoza na kuna kiitikio. Noko alikuwa akiuita upande mmoja wa chuma kwa jiwe, na upande wa pili ukaitika. Usipoitika, bado hujafika ukingoni, hata kama umesugua tangu asubuhi. Ukiitika, acha kuita, geuza, uondoe kiitikio hicho kwa kulaza mgongo wa fere juu ya jiwe mara chache. Utaratibu wote wa kunoa umo ndani ya kitenzi hicho kimoja. Nami nilikuwa nimezunguka Kisangani nzima nikiulizia nomino.

Siku ya nne tulichonga kabari mpya, tukaipanga fere, tukauweka ubao wa mvule juu ya meza. Utepe wa kwanza ulitoka umekatikakatika. Noko akagonga kisigino mara moja, na wa pili ukatoka mzima, mrefu, ukijikunja kama karatasi ya sigara. Nilisukuma mpaka jua likageuka. Karibu na mwisho rabo iligonga kitu na kuruka: mvule hujitengenezea mawe madogo meupe ndani ya mwili wake, na mafundi huyachukia. Pengo dogo likaingia kwenye makali. Nilimtazama Noko. Alinyoosha mkono kuelekea jiwe la kunolea, bila neno, nami nikalifuata.

Niliporudi Kisangani niliwatembelea tena wawili kati ya wale mafundi sita, safari hii nikiwa na chuma na jiwe badala ya karatasi. Wa kwanza alisugua kidogo, akagusa, akasema "imegeuka". Wa pili hakusema kitu; alipitisha kidole nje ya makali, akageuza chuma, akaendelea. Mwezi mmoja kabla, wote wawili walikuwa wameniambia hawana jina. Walisema kweli. Nilikuwa nimewauliza jina wakiwa wameketi, mikono mitupu, juu ya kitu kinachoonekana kwa sekunde chache tu kati ya kazi mbili, kisha huondolewa.

Siandiki haya kusema kwamba dodoso ni chombo kibaya. Maneno rabo, fere na limu niliyapata kwa dodoso, na ni sahihi. Lakini majina ya vyombo ndiyo yaliyokuja na meli, na hata mtu asiyejua kazi anaweza kuyataja. Yale ambayo mafundi wetu walijitungia wenyewe, kwa lugha yao, yamekaa kwenye vitenzi, na vitenzi havitoki kazi ikiwa imesimama. Tunapoandika "hakuna neno" mbele ya swali letu, ni vizuri tukumbuke kwamba Mswahili husema hivyo pia akimaanisha haidhuru. Hapa inadhuru. Fundi akiondoka, kitenzi chake huondoka naye, na sisi tunabaki na jedwali linalodai kwamba hakikuwahi kuwapo.

Katika kazi yangu, kifungu cha 47 sasa kina mistari minne badala ya neno moja, na mwalimu wangu ameniuliza nomino iko wapi. Mlango wa mama umefungwa mahali pake. Rabo imebaki Yangambi, kwa kuwa ndiko kuliko na jiwe lake, nami huenda kila likizo kuinoa. Fere ya Koko ni fupi kwa milimita tano kuliko alivyoiacha. Nimeziandika hizo pia, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, chini ya jina langu.