Mabonde Mawili ya Welisi

Kijiji cha Llanwddyn kimekaa chini ya ukuta wa mawe wenye urefu wa karibu mita 360 kutoka mlima hadi mlima. Nyuma yake ni ziwa Vyrnwy, na ndani ya ziwa imelala Llanwddyn ya kwanza: nyumba 37, mashamba 10, kanisa la parokia na baa 3. Barafu ya kale ndiyo iliyolichonga bonde hili, ikaacha sakafu bapa na mwamba mgumu pale linapobana. Jiji la Liverpool, lenye watu tele na maji haba, likaona hapo ndipo pa kuuziba mto. Kazi ilianza 1881.

Kilichonigusa ni kanisa jipya la Mtakatifu Wddyn, lililowekwa wakfu 1888. Jiji lililijenga pamoja na nyumba za wanakijiji, na mabaki ya marehemu yakafukuliwa yakazikwa upya kandokando yake. Watu walinyang'anywa bonde, ila walihama na wafu wao wakabaki majirani.

Barabara nyembamba ya Cwm Hirnant inavuka milima hadi mji wa Bala, na mbele kidogo ni ziwa Celyn. Hapa ukuta ni wa udongo uliooteshwa majani. Mgeni anaweza kuudhani kilima. Chini ya maji ni Capel Celyn, kijiji cha wasemaji wa Kiwelisi, chenye shule, posta na kanisa dogo. Aliyekizamisha ni Liverpool yuleyule.

Safari hii wanakijiji walisema. Mwaka 1956 waliandamana mitaani Liverpool, wazee kwa watoto. Mwaka uliofuata Bunge la London liliupitisha mswada wa kulizamisha bonde, ingawa karibu wabunge wote wa Welisi waliupinga. Kati ya watu 67 wa bonde, 48 walipoteza makazi. Hawakujengewa kijiji kingine. Kila familia ilishika njia yake. Maiti 8 zilihamishwa, makaburi mengine yakafunikwa zege.

Nilitarajia karne ya 20 iwe na huruma kuliko ya 19. Milimani huku mambo yalikwenda kinyume, na hilo linaniuma kuliko hesabu ya nyumba.

Baraza la Jiji la Liverpool liliomba radhi kwa ya Capel Celyn 2005. Watoto wa maandamano yale walikuwa wamevuka miaka hamsini.